Kompyuta moja ya kaunta, watu watatu: fundi aliyenipangia mafaili ya saiba, na kama pesa yangu ilienda vizuri

Hii story ilianza wiki ya mwisho ya Juni mwaka jana, na kama umewahi kuendesha saiba Nairobi unajua hiyo wiki inakuanga aje. Mwisho wa kufaili ritani za ushuru za KRA ni tarehe 30 na watu wanakumbuka tarehe 28, laini imetoka mlangoni ikafika kwa mama mboga, kila mtu ameshika kitambulisho na simu anauliza kama ile paswedi ya iTax alisahau tangu mwaka juzi inaweza patikana. Sasa katikati ya hiyo kelele kuna mama mmoja alikuwa amekaa kwa kiti cha pembeni akingoja printa imalizane na karatasi zake, akaangalia skrini yetu, akaniambia polepole hivi, "Boss, huyo si jirani yangu?"

Nikageuka. Kwa ile skrini ya kwanza ya kompyuta yetu kulikuwa kumejaa mafaili mpaka picha ya nyuma haionekani, skani za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, P9 za watu na mishahara yao, moja imeandikwa tu "mama wa geti ya bluu", na zile picha ndogo ndogo zinaonyesha hadi sura. Huyo jirani alikuwa anatuangalia kutoka pale juu kushoto. Nilicheka kicheko cha aibu nikafungua dirisha lingine juu yake. Usiku sikulala poa.

Kwa hivyo hii ni ripoti ya mafundi wawili niliowalipa kutatua hiyo kitu, sitataja majina yao ju wa kwanza nitamharibia na wa pili hajaniruhusu. Mtu akiniuliza nitasema tu vile kazi ilikuwa. Na nitaandika kirefu kidogo ju najua kuna wasee wengi wako na duka, ofisi ya sacco, shule ndogo, chama, wako na kompyuta moja inatumiwa na watu wanne na wanadhani kila mtu akiwa na paswedi yake basi mambo ni sawa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Saiba yangu iko Umoja. Kuna mashine tatu za wateja na moja ya kaunta, hiyo ya kaunta ndio iko na printa na skana na ndio tunashughulika nayo hapa. Tunaitumia watatu, mimi, dada anayefungua asubuhi, na kijana wa jioni ambaye ni mwanafunzi. Mimi niko na hesabu za duka na za nyumbani humo humo. Dada anaandikia watu CV na barua. Kijana ni mambo ya HELB na eCitizen na kuprinti noti za wanachuo wenzake.

Fundi wa kwanza nilimtoa mjini, ghorofa ya pili ya jengo moja lenye vibanda vya simu na laptopu kila kona. Alikuja Julai, akataka 500, akamaliza kwa dakika ishirini. Hiyo peke yake ingenishtua. Alitengeneza akaunti tatu kwa Windows, kila moja na paswedi, akatengeneza folda moja kwa diski D akaiita KAZI na kuipa "Everyone" ruhusa zote, akasema sasa kila mtu ako kwake. Nikamlipa na soda juu.

Kile sikujua ni kwamba akaunti zote tatu alizifanya admini. Zote! Nilijua vipi? Nilikuwa nimeweka hesabu zangu kwa folda ya akaunti yangu nikiamini ni kama kuweka kwa kabati nimefunga. Siku moja kijana akaniuliza bila ubaya wowote, "Mkubwa, kwani stima ya hapa ni elfu sita?" Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha. Ukiwa admini na ubonyeze folda ya mtu mwingine, Windows inakuambia huna ruhusa, alafu hapo hapo inakuwekea kitufe cha kuendelea, ukibonyeza inakupa ruhusa, na si ya siku hiyo tu, inabaki imeandikwa hapo kwa hiyo folda mpaka mtu aje aitoe. Yeye alikuwa anatafuta faili ya mteja, akaona kitufe, akabonyeza. Sasa utamlaumu? Mimi pia ningebonyeza.

Na usisome hii ukasema ni Windows mbaya. Windows iko na akaunti ya kawaida ambayo si admini, na hiyo ukigusa folda ya mwenzako inakuitisha paswedi ya admini, huna basi, unarudi zako. Ni fundi alichagua njia ya mkato ndio asipigiwe simu kila saa kuweka programu. Admini mmoja anatosha kwa kompyuta, na hata huyo mmoja haifai kuwa ndio akaunti unakalia siku nzima.

Fundi wa pili nilielekezwa na mwalimu mmoja wa kompyuta anayeprinti mitihani kwangu. Huyu alikuja Novemba, na akachelewa siku mbili, hiyo niiseme mapema. Alisema Jumanne akaja Alhamisi na hakupiga simu. Lakini vile alikaa hakugusa kompyuta kwa karibu nusu saa. Alichukua risiti ya zamani akaigeuza nyuma, akachora mistari, juu akaandika mimi, dada, kijana, mteja, kando akaandika aina za mafaili, alafu akaniuliza swali moja mara nyingi nyingi: "Huyu hii haifai aione?" Alafu la pili, "Na huyu akiiona, anaweza kuibadilisha ama ni kusoma tu?" Nilianza kujibu haraka haraka, nikafika kwa hesabu nikakwama. Dada anafaa kuona mauzo ya siku ju ndio anayaandika. Lakini mshahara wa kijana haifai. Na zote mbili nilikuwa nimeziweka kwa faili moja ya Excel, kurasa tofauti. Akaniambia ruhusa za kompyuta zinaishia kwa faili, hazijui kurasa, kwa hivyo hiyo faili lazima nikate mara mbili kabla yeye hajafanya chochote. Hapo ndio nilijua huyu ni fundi.

Pia aliuliza kwa nini nataka akaunti ya "asubuhi" na akaunti ya "jioni", ju hivyo ndivyo nilikuwa nimepanga. Akasema weka watu, usiweke shifti. Siku dada akiumwa na kijana ashike asubuhi, akiingia kwa akaunti ya asubuhi hutajua nani alifanya nini, na siku mtu akitoka kazi unafunga akaunti yake bila kusumbua wengine. Nikamsikiza.

Mashine yenyewe ni Ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8. Ilikuwa na Windows 10, na msaada wa Windows 10 Microsoft iliumaliza 14 Oktoba 2025, ndio maana nilikuwa namuuliza pia kuhusu kupandisha. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama, hii yangu haifiki. Kuna njia za kulazimisha lakini yeye hakutaka, na mimi kwa mashine inayoshika vitambulisho vya watu sikutaka pia. Tukaenda Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kwa wateja watatu wa kwanza nilijuta, ju CV zilizoandikwa kwa Word zikifunguliwa na LibreOffice, ambayo ndio Mint inatumia badala ya Word, zingine zinasukuma mistari, meza inaruka ukurasa, na mteja anakuangalia kama wewe ndio umeharibu. Hiyo bado inatokea mara moja moja. Tukipata ya hivyo tunaifungulia kwa mashine moja ya wateja iliyobaki na Windows 11.

Sasa vile alipanga, na hapa nitaenda polepole ju ndio sehemu watu wanaogopa bure.

Alitengeneza akaunti tatu, yangu peke yangu ndio iko kwa kundi la sudo, yaani ndio inaweza kufanya kazi za admini, na hata mimi inaniitisha paswedi. Alafu akatengeneza kundi akaliita saiba, akatuingiza wote watatu. Halafu folda. Kuna WATEJA, hiyo ni ya sisi wote kusoma na kuandika. Kuna MAUZO, dada na mimi. Kuna HESABU ambayo ni yangu. Folda ya WATEJA aliipa namba 2770 na akanielezea nikiwa nimesimama na chai mkononi, na nilielewa, mimi niliyeacha hesabu form two.

Kusoma ni 4, kuandika ni 2, na 1 kwa folda ni ruhusa ya kupita mlangoni. Jumlisha zote ni 7, haki zote. Ile 7 ya kwanza ni ya mwenye folda, 7 ya pili ni ya kundi, na 0 ni ya wengine wote waliobaki duniani. Ile 2 ya mbele kabisa inasema kila faili itakayozaliwa humu ndani ichukue kundi la folda, isichukue la mtu aliyeitengeneza. Hiyo ya kupita mlangoni aliifananisha na ploti: unaweza kuwa na ufunguo wa keja yako poa kabisa, lakini kama caretaker amefunga geti saa nne utalala nje. Kwa hivyo faili ikiwa wazi na folda iliyo juu yake imekunyima kupita, hufiki. Ndio maana folda ya HESABU haikuhitaji kupangwa faili moja moja, alifunga geti tu.

Kwa mashine mbili za wateja aliweka pia Mint, na kwa skrini ya kuingilia akawasha ile ya mgeni. Mteja anaingia bila paswedi, anafanya mambo yake, akitoka kila kitu alichoweka kinafutika chenyewe. Hii naipenda kuliko zote. Zamani ulikuwa unakuta mtu ameacha barua pepe yake wazi, mwingine ameacha picha ambazo sitaelezea. Sahii ni safi. Shida ni kwamba kuna mzee aliandika barua ya mahakama masaa mawili, akatoka kwa akaunti ndio aende choo, ju ati ameambiwa asiache kompyuta wazi. Ilienda yote. Tulimwandikia upya bure, dada aliandika yeye akisoma kutoka kichwani. Sasa kuna karatasi kila skrini, KAZI YAKO HAITABAKI HAPA, WEKA KWA FLASHI AMA JITUMIE, na bado watu hawasomi.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Wiki ya pili vita ikaanza, na hii vita ndio ilinifunza zaidi ya fundi mwenyewe.

Dada aliandikia msee mmoja CV asubuhi. Mazoea yake ni kuhifadhi kila kitu kwa ile skrini ya kwanza kisha akimaliza anaburuta kwa WATEJA. Jioni yule msee akarudi, ameambiwa namba ya simu kwa CV ina kosa la tarakimu moja. Kijana akafungua WATEJA, faili iko, ikafunguka, akarekebisha, akabonyeza kuhifadhi, ikakataa. Inasema ni ya kusoma tu. Akajaribu tena. Ikakataa. Mteja anaangalia saa, matatu zinapanda bei ju mvua imeanza. Sasa kijana akafanya kitu ambacho kwa akili yake ilikuwa sawa, akaifuta ile faili kabisa na ikafutika bila neno, akaandika CV upya akitazama karatasi. Asubuhi dada anakuta CV yake haiko, iko nyingine yenye fonti tofauti na jina la kata limekosewa, na mimi napigiwa simu saa moja na nusu nikiwa bado kwa bafu.

Swali langu kwa fundi lilikuwa hili: mtu atakosaje ruhusa ya kubadilisha herufi moja alafu awe na ruhusa ya kuifuta faili nzima? Nilidhani amekosea.

Hakuwa amekosea, ni vile Linux inafanya kazi. Kwanza, faili ikiburutwa ndani ya diski hiyo hiyo inahama na vitu vyake, mwenye faili na kundi lake la zamani havibadiliki. Ile sheria ya kuchukua kundi la folda ni ya faili iliyozaliwa pale ama iliyokopiwa pale, si ya faili iliyohamia. Kwa hivyo CV ilikuwa ndani ya WATEJA lakini bado ni ya kundi la dada peke yake, ju kwa Mint kila akaunti inazaliwa na kundi lake, na kijana kwa hiyo faili alihesabiwa kama mtu wa nje, anasoma tu. Windows nayo iko na mtego kama huo, ukihamisha faili ndani ya diski moja mara nyingi inabeba ruhusa za ilikotoka, ukikopi inachukua za inakoenda. Pili, kufuta faili si ruhusa ya faili, ni ya folda. Folda ni kama daftari la majina, kufuta ni kukata jina kwa daftari, na kijana alikuwa na haki ya kuandika kwa hilo daftari. Nilikaa nikafikiria hiyo kwa muda.

Kuna dawa ya kuzuia mtu asifute faili ya mwenzake, ni kuongeza 1 kwa ile namba ya mbele, 3770 badala ya 2770. Ndivyo folda ya /tmp, ile ya mafaili ya muda, kwa kila Linux inalindwa. Tulijadiliana. Shida yake ni kwamba hata kubadilisha jina la faili ya mwenzako huwezi, na sisi tunabadilisha majina kila wakati, "CV mpya", "CV mpya kabisa", "CV ya mwisho ya ukweli". Nikasema tuache. Badala yake akafanya vitu viwili. Aliweka programu ya skana ihifadhi moja kwa moja WATEJA ili hakuna kuburuta, na akaweka kazi ndogo inayojiendesha kila saa, inazunguka WATEJA na kurudisha kundi liwe saiba na kuipa kundi haki ya kuandika. Alinionyesha ile amri, ndani yake kuna g+rwX na hiyo X ni herufi kubwa makusudi, inapea folda ruhusa ya kupita bila kugeuza kila CV kuwa kitu kinachoweza kuendeshwa kama programu. Vitu vidogo kama hivyo ndio unalipia. Yule wa 500 angeandika 777 aende zake, na 777 ni kuacha mlango wazi na kuandika karibuni.

Kijana na dada waliongea tena baada ya siku tatu hivi.

Kosa langu mimi mwenyewe nalo lilikuja Januari. Nilikuwa nimeajiri msichana wa kusaidia msimu wa shule kufunguliwa, nikaona nisisumbue fundi, nikatazama video moja nikafungua terminal, lile dirisha la kuandika amri. Yule msichana nikamuingiza kwa kundi bila shida. Alafu nikataka kujiingiza mimi kwa kundi jipya la mauzo, nikaandika usermod -G mauzo na jina langu. Kwa video ilikuwa -aG. Hiyo a ndogo niliiona kama mapambo. Bila a, ile amri haikuongezi kwa kundi, inakuambia makundi yako kuanzia leo ni haya tu, na kunitoa kwa mengine yote, pamoja na sudo. Cha kuchekesha ni kwamba hutaona kitu hapo hapo, makundi yanasomwa ukiingia upya, kwa hivyo nilimaliza siku nikijipongeza. Kesho yake hakuna admini kwa kompyuta nzima. Hakuna! Mimi ndio nilikuwa peke yangu.

Nikampigia fundi, alikuwa kwa matatu Jogoo Road nasikia konda kwa nyuma. Alinipeleka kwa simu, washa ukishika Shift, chagua ile ya recovery, ingia kwa root, yaani admini mkuu wa Linux, fungua diski iandikike, andika usermod -aG sudo, na akanilazimisha nisome herufi moja moja kwa sauti, "a kama apple, boss, soma tena." Ikarudi. Hakuniitisha kitu, nilimtumia 200 ya credit kwa hiari yangu. Lakini hapo nikawa na wazo baya: kama mimi nimeweza kuingia kama root bila paswedi yoyote, nikiwa tu nimekaa mbele ya mashine, si hata mwizi anaweza?

Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo. Eeh, anaweza, na si lazima hata apitie hapo, mtu akichomoa diski akaiweka kwa mashine yake, ama akawasha kompyuta na flashi yenye Linux, hizo ruhusa zote tumepigania hazimzuii kitu, ju ruhusa zinalindwa na mfumo ulio hai na yeye ameleta mfumo wake. Windows pia ni hivyo hivyo kama diski haijafungwa kwa usimbaji, yaani data kugeuzwa isisomeke bila paswedi. Saiba mtaani huvunjwa, si siri. Na usimbaji wa diski nzima kwa Mint unachaguliwa siku ya kuinstoli, baada ya hapo ni kuanza upya. Yaani siku ile Novemba ilikuwa tu kubonyeza kiboksi kimoja, na hakuniuliza. Aliniuliza maswali thelathini kuhusu nani aone nini na hakuniuliza la mwizi. Hiyo ndio lawama yangu kubwa kwake, na nimemwambia usoni.

Ya pili ni flashi. Hakutuambia kwamba flashi nyingi ziko kwa FAT32 ama exFAT, na hizo hazijui mambo ya mwenye faili na kundi, kwa hivyo ukikopi HESABU kwa flashi kama bakapu alafu uiache kwa droo, umeiacha wazi kwa yeyote mwenye kidole. Nilikuwa nafanya hivyo kila Ijumaa. Droo yenyewe haina hata kufuli.

Kuna mambo ya watu ambayo hakuna fundi atakupangia. Dada alibandika paswedi yake chini ya kibodi kwa selotepu. Na mwanzoni walikuwa wanaacha akaunti moja wazi siku nzima, kijana anakuja anakalia ya dada anaendelea, sasa akaunti tatu za nini? Tuliweka skrini ijifunge baada ya dakika tano, na wakafunzwa Ctrl na Alt na L ukiinuka. Wiki moja ya malalamiko, sahii mikono inaenda yenyewe.

Kuhusu sheria sitasema mengi, lakini ujue Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna ofisi ya Kamishna wa hayo mambo, na kitambulisho cha mtu kwa skrini yako ni data yake, haijalishi saiba yako ni ya mabati. Kwa sababu hiyo fundi aliweka pia kitu kinachofuta skani zote za WATEJA zikifika siku saba. Wateja wengine wanarudi siku ya tisa wanauliza, "Si mlikuwa nayo?" Tunawaambia tulifuta, tuskani tena ni 20. Wengine wanaguna. Yule mama wa Juni alikuwa siku hiyo akasema afadhali.

Kama uko na Windows nyumbani na hutaki mambo ya Linux, usinunue mashine ingine. Akaunti za wengine zigeuze kuwa za kawaida, ya pamoja wekeni kwa folda ya Public ambayo iko kwa kila Windows na kila mtu anaifikia, na kitu chako kibaki kwa folda zako. Ukitaka makundi na uko na ile Home, lile dirisha la kupanga makundi halimo, lakini amri ya net localgroup inafanya kazi kwa terminal ukiwa admini. Na ukiona mahali pa kuchagua kukataza mtu, enda pole, katazo ulilomwekea moja kwa moja linashinda ruhusa yoyote aliyo nayo, unaweza mkatalia kundi zima na ukajikuta wewe uko ndani ya hilo kundi.

Pesa: wa pili alitaka 4,000 na nauli, tukaelewana 3,500 kila kitu, mashine ya kaunta na hizo mbili za wateja. Kwa kazi ya kupanga nampa 9 kwa 10, hiyo karatasi ya risiti bado nimeibandika ukutani na ndio namfunza nayo kila mfanyikazi mpya. Kwa saa nampa 4. Kwa kunyamaza kuhusu diski sijui nimpe ngapi. Wa kwanza sina namba yake, ya alama wala ya simu.

Juni inakuja tena, na nataka diski iwe imefungwa kabla laini haijafika kwa mama mboga. Nimeshakopi kila kitu kwa diski ya nje na hiyo nayo imesimbwa safari hii. Fundi anasema kuinstoli upya na kurudisha akaunti na makundi ni 2,000. Mimi nimemwambia kiboksi ni yeye alisahau, kwa hivyo nitalipa nauli na chakula cha mchana. Tumeachia hapo, anasema atakuja Jumamosi, kwa hivyo namtarajia Jumatatu.